Kuchora maua kwa akriliki na rangi zilizokolea: mwongozo kamili kwa mchoraji wa Nairobi

Anayeanza kuchora maua kwa akriliki hukutana mapema na jambo linalovunja moyo: rangi iliyokuwa ikiwaka ndani ya tyubu inafika kwenye turubai ikiwa imepoa. Anaongeza nyekundu, anaongeza manjano, na picha inazidi kujaa bila kung'aa. Uchache wa rangi si kawaida kuwa ndio chanzo. Rangi hupata nguvu kutoka kwa jirani yake, na hupata nafasi ya kung'aa pale tu ambapo mwanga na giza vimepangwa mapema. Mwongozo huu umejengwa juu ya mambo hayo mawili, tangu maua yakiwa kwenye ndoo ya muuzaji hadi picha inapopakwa vanishi.

Nachukulia kwamba unachora turubai la sentimita 50 kwa 60, chombo kimoja cha maua juu ya meza, na kwamba una siku mbili tatu za kufanya kazi kabla maua hayajanyauka.

Rangi nane, na zisiwe za kubahatisha

Acha sanduku la tyubu ishirini na kitu dukani. Fedha hiyo hiyo ikinunua tyubu nane nzuri utakuwa umefaidika zaidi, maana rangi za bei ya chini kabisa huwa na pigmenti kidogo, yaani ule unga unaotoa rangi yenyewe, na kijazio kingi, na kijazio ndicho kinachopausha. Majina ya rangi hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine, lakini namba ya pigmenti haibadiliki. Igeuze tyubu uisome mgongoni. Mimi hutafuta hizi: nyeupe ya titani (PW6), manjano ya limau (PY3), manjano ya joto (PY83), nyekundu ya pairoli (PR254), majenta ya kwinakridoni (PR122), buluu ya ultramarini (PB29), kijani cha thalo (PG7) na hudhurungi iliyochomwa (PBr7). Nyeupe nunua tyubu kubwa. Nyeusi usinunue, utaitengeneza mwenyewe, na itakuwa nyeusi yenye uhai.

Tyubu yenye namba moja tu ya pigmenti huchanganyika vizuri kuliko yenye namba tatu. Ukichanganya rangi mbili ambazo kila moja ina pigmenti tatu, tayari umetia pigmenti sita kwenye doa moja, na hapo ndipo tope huzaliwa.

Jambo jingine la kujua kabla ya kuanza: akriliki ni pigmenti iliyo ndani ya utomvu wa plastiki unaoelea kwenye maji. Utomvu huo ukiwa mbichi ni mweupe kama maziwa, ukikauka unakuwa wazi. Kwa hiyo rangi mbichi huonekana nyepesi kidogo kuliko itakavyokuwa ikikauka. Chukua kipande cha karatasi, paka doa, likaushe, ndipo uamue. Na ikishakauka haiyeyuki tena kwa maji. Hilo ni baraka kwa picha, kwa kuwa unaweza kupaka juu yake bila kuchafua kilicho chini, na ni balaa kwa brashi iliyosahaulika mezani.

Turubai, brashi na paleti

Turubai la dukani ni sawa, lakini la kutengenezewa hutoka kwa gharama ndogo zaidi na mara nyingi huwa imara kuliko lile. Mpe seremala vipimo akuundie fremu ya mbao za saiprasi zilizokauka vizuri, ukingo wa mbele ukiwa umelainishwa kwa kuchongwa kidogo upande wa ndani ili mbao isiache alama kwenye kitambaa. Nunua amerikani nzito, ioshe kwa maji ya moto bila kulainisha kwa dawa yoyote, iache ikauke, kisha ivute juu ya fremu na uibane kwa pini za stepla ukianzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni. Paka geso, ile rangi nyeupe ya msingi inayoandaa kitambaa kushika rangi, mara tatu, kila mara ukisubiri ikauke, na kati ya mkono mmoja na mwingine pitisha msasa laini. Kuna wanaotumia rangi nyeupe ya ukutani kutoka hadwea badala ya geso. Kwa mazoezi inafaa. Kwa picha unayotaka kuuza au kumpa mtu aitunze miaka mingi, nunua geso.

Brashi tatu za nyuzi za sintetiki zitakufikisha mbali: bapa ya upana wa sentimita tatu hivi, bapa nyingine ya sentimita moja, na moja ndogo yenye ncha. Zile ndogo sana zilizopangwa kwenye pakiti ya kumi ziache, kwa sababu zitakushawishi kuchora mishipa ya petali kabla hujajua ua liko wapi.

Paleti, yaani mahali pa kuchanganyia rangi, ndiyo wengi huipuuza. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Januari na Februari hewa huwa kavu na jua kali. Rangi iliyominywa kwenye sahani hutengeneza ngozi kabla hujachanganya ya pili. Chukua trei ya plastiki yenye kifuniko, tandaza kitambaa kilicholowekwa maji na kukamuliwa kidogo, juu yake weka karatasi ya kuokea keki. Minya rangi juu ya karatasi hiyo. Unyevu hupanda polepole kutoka chini na rangi hubaki laini kutwa nzima. Ukifunika trei usiku, asubuhi unaendelea na mchanganyiko ule ule. Kwa anayechora maua hili ni jambo kubwa, kwa sababu waridi la jana lazima lifanane na waridi la leo.

Kuchagua maua sokoni

City Market, pale Muindi Mbingu Street, ndipo pa kwanza kwenda. Nenda asubuhi. Mwambie muuzaji shida yako waziwazi: "Mama, haya ni ya kuchora, si ya harusi. Nichanganyie yaliyofunguka na yaliyofumba." Shada la zawadi hupangwa kwa maua yanayolingana, yote yakiwa nusu wazi. Picha hutaka kinyume chake: moja lililofunguka kabisa, mengine ya kati, na machipukizi mawili matatu. Tofauti hiyo ndiyo inayolipa jicho njia ya kupita.

Nunua kwa kuzingatia umbo kabla ya rangi. Chagua ua moja kubwa litakalotawala, kama alizeti au waridi lililofunguka, kisha maua ya ukubwa wa kati kama gabera au alstromeria, kisha kitu chembamba chenye kurukaruka, kama vijitawi vya matunda madogo mekundu vinavyouzwa pamoja na mawaridi. Majani usiyakatae. Wauzaji wengine huyanyonyoa yote, omba wakuachie.

Mawaridi mengi ya nchi hii hutoka kwenye mashamba ya Naivasha, na juma la tarehe 14 Februari kila mtu huyataka. Wiki hiyo chora kitu kingine. Ua la bogenvilia liko kwenye nyua nusu ya mji huu na halina bei, ukimwomba mwenye ua. Lichunguze kwa karibu kabla ya kulichora: kile chenye rangi kali si petali, ni vijani vitatu vyembamba kama karatasi vilivyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kichupa chembamba chenye kinyota cheupe katikati. Vijani hivyo hupitisha mwanga, kwa hiyo vikiwa mbele ya dirisha huwaka kuliko vikiangaziwa kutoka mbele. Ila hunyauka upesi kwenye chombo. Yachore kwanza.

Ukitoka sokoni, Biashara Street iko hatua chache, na hapo utapata leso ya kutandika. Ni kitambaa kizuri sana kwa kazi hii, nitaeleza sababu baadaye.

Nyumbani kata mashina kwa mshazari, toa majani yatakayozama, badilisha maji kila siku, na usiku yahamishie mahali pa baridi. Waridi hufunguka haraka kwenye chumba chenye joto, nawe huna haja liwe limebadilika umbo ukirudi kesho.

Mwanga wa dirishani

Vitabu vingi vya uchoraji husema tumia dirisha la kaskazini. Ushauri huo uliandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako jua halipiti upande huo. Sisi tuko kama digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi karibu mwisho wa Septemba jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo dirisha tulivu ni la kusini. Miezi mingine mambo hugeuka, na la kaskazini ndilo lenye mwanga usiohamahama. Kama una dirisha moja tu, na linapigwa na jua, tundika shuka jeupe.

Mwanga uje kutoka upande mmoja, kushoto au kulia, na uzime taa ya dari. Taa hiyo huua vivuli, na bila kivuli ua ni bapa. Miezi ya Juni hadi Agosti, mawingu yanapokaa siku nzima, ni miezi mizuri sana ya kuchora maua: vivuli ni laini na haviondoki mahali pake tangu asubuhi hadi jioni.

Mwanga na giza kwanza, rangi baadaye

Weka maua kwenye chombo, kisha uchukue penseli na karatasi, uchore vipicha vidogo vya ukubwa wa kiganja, vitatu au vinne. Tumia viwango vitatu tu: cheupe, kijivu, cheusi. Kunja macho hadi maua yawe madoa. Usichore petali. Jiulize doa kubwa la mwanga liko wapi, giza limekusanyika wapi, na je, ukitazama kipicha hicho kutoka upande wa pili wa chumba kinasomeka?

Kisha piga picha maua kwa simu na uiondolee rangi. Utakachoona huwashangaza wengi. Waridi jekundu na majani ya kijani yaliyolizunguka, ambayo kwa macho yanapigana vita, kwenye picha isiyo na rangi mara nyingi huwa kijivu kile kile kimoja. Ua linapotea ndani ya majani. Ukilichora hivyo hivyo, hakuna nyekundu duniani itakayolikomboa. Inabidi uamue: ama majani yaliyo nyuma yake yashuke na kuwa karibu nyeusi, ama ua lenyewe lipate upande wenye mwanga mkali. Uamuzi huu ukifanywa kwa penseli huchukua dakika tano. Ukiahirishwa hadi rangi zimeshapakwa, utakula mchana mzima.

Kwa mpangilio, usiweke ua kuu katikati kabisa ya turubai. Lisogeze kidogo juu na upande. Acha ua moja au mawili yatoke nje ya ukingo wa shada, na moja lianguke mezani. Maua yanayotazama mbele yote ni picha ya pasipoti. Yageuze, mengine yakupe ubavu, mengine mgongo.

Mpango wa rangi

Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha ufumaji cha Gobelins mjini Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazikolei. Alipochunguza aliona rangi yenyewe haina kasoro. Ilififishwa na nyuzi za buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha utafiti wake mzima kuhusu jinsi rangi mbili zikikaa pamoja zinavyobadilishana sura, na wachoraji wa Ufaransa wakausoma kwa bidii. Waliobuni leso za pwani yetu walilijua jambo hilo kwa macho: pindo jeusi ndilo linalofanya mji mwekundu, yaani sehemu ya katikati ya leso, uruke.

Kwa hiyo chagua rangi moja itakayotawala. Tuseme machungwa. Mwenzake wa kumkabili ni buluu. Manjano hukabiliwa na zambarau, nyekundu na kijani. Sasa, usiweke buluu kali nyuma ya machungwa makali kwenye turubai lote. Zikilingana kwa nguvu na kwa eneo zitachosha jicho. Nyuma weka buluu iliyotulizwa, yaani ultramarini na nyeupe iliyotiwa chembe ya machungwa hadi ielekee kijivu. Machungwa hayo hayo, bila kuongezwa chochote, yataanza kuwaka. Mimi huacha zaidi ya nusu ya turubai iwe rangi za utulivu wa namna hiyo, na sijawahi kuona picha ya maua iliyopungukiwa na nguvu kwa sababu ya kijivu kizuri.

Kuna njia nyingine, ngumu zaidi: familia moja ya rangi juu ya nyingine. Vincent van Gogh alipokuwa Arles mwaka 1888 alichora alizeti za manjano mbele ya ukuta wa manjano, ndani ya chombo cha manjano. Kinachozitenganisha ni hatua ndogo ndogo, kutoka manjano ya limau hadi hudhurungi, pamoja na kijani kidogo cha mashina. Jaribu njia hii ukishazoea ya kwanza.

Kupaka msingi wa joto

Usianze kwenye weupe. Weupe wa geso hudanganya jicho: kila rangi juu yake huonekana nzito kuliko ilivyo, nawe utaogopa na kuipunguza. Changanya majenta na manjano ya joto, ongeza maji kidogo, upake turubai lote kwa brashi pana, kisha ufute kwa kitambaa hadi ibaki rangi nyepesi ya embe lililoiva. Baadaye, pale ambapo mkono hautafika kati ya jani na jani, vidoa vya msingi huu vitachungulia, na picha nzima itakuwa na joto moja linaloiunganisha.

Ukikauka, chora kwa brashi ndogo na ultramarini iliyotiwa maji. Anza na mstari wa katikati wa chombo, kisha duara lililolazwa la mdomo wake na duara lililolazwa la kitako. Lile la chini huwa wazi zaidi kuliko la juu, kwa kuwa unalitazama kutoka juu zaidi. Alizeti na gabera ni sahani; zichore kama sahani zilizoinamishwa, kila moja upande wake. Waridi ni bakuli. Petali zote husubiri. Hakikisha mashina yote, hata usiyoyaona, yanaelekea kwenye mdomo wa chombo. Ua lisilo na shina linaloeleweka huelea, na mtazamaji atalihisi hata asipojua kasoro iko wapi.

Giza, kisha katikati, kisha mwanga

Sasa tengeneza ile nyeusi. Kijani cha thalo na majenta, karibu sawa kwa sawa, hutoa giza zito lenye kina. Ukizidisha kijani linaelekea msituni, ukizidisha majenta linaelekea zambarau iliyokolea. Kwa hiyo giza la chini ya majani na giza la ndani ya waridi jekundu hutoka kwenye doa moja la paleti, ukilisukuma huku na huku. Weka madoa yote ya giza ya picha nzima kwa mkupuo mmoja, kwa brashi pana: katikati ya shada, chini ya maua makubwa, kivuli cha chombo mezani. Rangi iwe nyembamba.

Majani hufuata. Kijani cha thalo peke yake ni kikali mno, hakuna jani la namna hiyo hapa Nairobi. Kitie manjano ya joto na chembe ya nyekundu, na papo hapo kinatulia. Majani ya mwangani yape manjano ya limau. Majani yanayong'aa huakisi anga, kwa hiyo mgongo wake uliopinda utake ultramarini na nyeupe, si kijani chepesi.

Kisha madoa ya maua, kila ua rangi yake ya kati tu, na mara tu baada ya hapo rangi ya nyuma. Usiiache ya nyuma hadi mwisho. Maua yakimalizwa kwanza, utaogopa kuyagusa, na ukuta utakuwa kama umezibwa zibwa kuyazunguka. Ukipaka nyuma mapema, unatumia rangi yake kukata umbo la ua: brashi inapita nje ya petali na kulichonga. Ukingo unaopatikana hivyo huwa hai kuliko ule uliochorwa kwa mstari.

Nyeupe ndiyo mwizi mkubwa wa rangi, na hapa ndipo huiba. Nyekundu ikitiwa nyeupe haiwi nyekundu yenye mwanga. Inakuwa rangi ya waridi iliyo baridi. Ipandishe kwa manjano ya joto kwanza, nyeupe ije mwisho na kwa uchache. Manjano nayo haishushwi kwa nyeusi, kwa maana inageuka kijani chenye ugonjwa. Ishushe kwa hudhurungi, au kwa zambarau kidogo uliyoichanganya kwa majenta na ultramarini. Na manjano haifuniki giza. Ukitaka petali ya alizeti juu ya majani meusi, ichore kwanza kwa nyeupe, ikauke, kisha ipake manjano juu yake. Majenta pia ni rangi ya kupitisha mwanga: juu ya weupe uliokauka inawaka kama kioo cha dirisha la kanisa, juu ya kahawia inakufa.

Waridi moja, kwa karibu

Chukua waridi la machungwa lenye kingo nyekundu. Doa la kwanza ni manjano ya joto na nyekundu kidogo sana, kwani nyekundu ya pairoli ina nguvu. Anza na ncha ya brashi tu. Jaza umbo lote la bakuli. Likiwa bado bichi, ingiza nyekundu zaidi upande wa kivuli bila kuchanganya sana, rangi zikutane zenyewe kwenye turubai.

Subiri likauke. Tafuta kitovu, ambacho kwenye waridi linalokutazama kwa ubavu hakiko katikati bali karibu na ukingo wa juu. Pale petali za ndani zinapobanana kuna nyufa. Zijaze kwa nyekundu, majenta na chembe ya ultramarini, mikato mifupi iliyopinda, mitatu au minne. Hakuna haja ya zaidi. Nyufa hizo zikiwa mahali pake, jicho linalisoma waridi hata kabla petali hazijachorwa.

Sasa brashi bapa ya sentimita moja. Pakia manjano ya joto na nyeupe kidogo upande mmoja wa brashi, machungwa upande wa pili. Weka brashi kwenye ukingo wa petali ya nje iliyo mwangani, ibonyeze, ivute kuelekea kitovu ukiiinua polepole. Petali moja, mkato mmoja. Usirudi kuilainisha. Petali tano au sita za namna hii zinatosha, kubwa nje, fupi ndani. Zile za kivuli ziachie rangi ya doa la kwanza, na utashangaa jinsi jicho litakavyozikamilisha.

Petali ya waridi hukunja mdomo wake kwa nje. Mkunjo huo ndio sehemu yenye mwanga mkali kuliko zote, na hapo ndipo nyeupe hupata haki yake: manjano ya limau na nyeupe, mstari mzito wa rangi isiyotiwa maji, sehemu mbili tatu pekee. Nyekundu ya ukingoni ipake kwa brashi yenye ncha, nene mahali, ikikatika mahali. Mwisho kabisa, chagua upande mmoja wa ua, ule wa gizani, uufifishe kwa kidole hadi uungane na majani. Ua lenye ukingo mkali pande zote huonekana limekatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Ua kuu ndilo linalostahili kazi hii yote. Maua ya pili yape nusu yake. Ya pembeni yabaki madoa.

Leso, birika na meza

Kwa chombo, birika la enameli ni zuri kuliko vasi ya kioo, hasa kwa anayeanza: umbo lake ni wazi, na ngozi yake huakisi rangi za jirani. Tazama ubavu wa birika jeupe lililowekwa juu ya leso nyekundu. Chini si jeupe hata kidogo; kuna rangi ya waridi iliyokolea inayopanda kutoka kwenye kitambaa. Ukiipaka hiyo, birika linakaa mezani. Ukiisahau, linaelea.

Leso ina pindo, mji na jina, na mchoro wake ni mkubwa na wa wazi, ndiyo maana inafaa kuliko vitambaa vya vijiua vidogo vinavyoshindana na shada. Itandike ikiwa na mikunjo miwili mikubwa, basi. Chora mikunjo kwanza kama mwanga na kivuli, kisha mchoro uufuate: pindo linaposhuka kwenye mkunjo hukatika na kutokea tena mbele kidogo. Maandishi ya jina usiyaandike yasomeke, la sivyo kila mtazamaji atasoma kabla ya kutazama maua. Dokeza kwa mikato.

Picha ikikataa

Rangi zikiwa tope, acha. Likaushe doa hilo kabisa, kwa drayaa ya nywele kama una haraka, kisha paka juu yake rangi safi nzito. Akriliki husamehe namna hiyo kila mara.

Picha ikiwa na kelele kila mahali, usiongeze kitu. Chukua ute wa akriliki usio na rangi, yaani ule utomvu bila pigmenti, utie chembe ya ultramarini au zambarau, upitishe mkono mwembamba juu ya maua ya pembeni na sehemu ya leso. Ua kuu litapanda bila kuguswa. Tumia ute huo badala ya maji mengi. Rangi iliyozidi maji hupoteza gundi na inaweza kutoka kwa kusuguliwa.

Usiku wa Julai angalia baridi. Chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi utomvu wa akriliki haushikani sawasawa, hata kama juu panaonekana pamekauka. Usiache picha mbichi kwenye veranda.

Brashi: zifute kwa kitambaa kwanza, kisha maji, kisha sabuni ya kipande, ukifinya hadi kwenye chuma. Maji machafu ya mkebe yaache yatulie, umwage ya juu, uchafu wa chini ufute kwa karatasi na kuutupa kwenye taka ili usiuzibe mfereji.

Kumaliza

Simamisha picha ukutani, rudi nyuma hatua kadhaa. Igeuze juu chini: ukiona doa moja linaruka kuliko ua kuu, litulize. Ipige picha isiyo na rangi, uilinganishe na kipicha chako cha penseli. Mara nyingi kinachohitajika ni mikato mitatu ya mwanga na kufifishwa kwa kingo mbili.

Tia sahihi kwa rangi iliyomo tayari kwenye picha. Subiri wiki mbili kama kuna rangi nene, kisha laza picha bapa, ifute vumbi kwa brashi kavu, na upake vanishi ya akriliki inayoweza kuondolewa, mikono miwili myembamba, wa pili ukikatiza wa kwanza. Yenye mng'ao huzidisha kina cha rangi na giza, nami huichagua kwa picha za namna hii; isiyo na mng'ao inafaa ikiwa picha itatundikwa kukabili dirisha.

Ukizihifadhi au ukizisafirisha kwa matatu, usikutanishe nyuso za picha mbili. Akriliki hubaki na ulaini kidogo hata ikikauka, na kwenye joto hushikana. Weka kati yake karatasi ile ile ya kuokea uliyotumia kwenye paleti, si karatasi ya nailoni, na kadibodi ngumu nje.